Saluni tatu, majibu matatu, na harusi ni wiki sita zijazo

Shikamoo mama,

Safu yako nimeanza kuisoma tangu niko chuo, sikudhani ipo siku na mimi nitaandika. Naomba unisaidie kabla hela haijanitoka.

Nina miaka 29, naishi Dodoma na mume wangu, na tuna mtoto wetu wa kwanza wa miezi mitano. Mdogo wangu anaolewa Tanga, zimebaki wiki sita. Ijumaa usiku ni shughuli ya wanawake watupu, Jumamosi ni ukumbini. Mimi ndiye dada mkubwa, kwa hiyo hakuna picha nitakayoikwepa, na sare tuliyoshona ni ya shingo wazi, inataka nywele zilizolala.

Nywele zangu ni za kipilipili hasa, zile ambazo kitana kikiingia hakitoki. Dawa ya kunyoosha niliacha miaka minne iliyopita baada ya kuniunguza nyuma ya sikio. Nikizivuta zinafika mabegani, nikiziachia zinarudi masikioni. Nilikuwa nazipenda. Lakini tangu mtoto afikishe miezi mitatu zimegeuka mtihani. Nikichana, kitana kinajaa. Nikiosha, tundu la maji bafuni linaziba. Pembeni mwa paji la uso, pande zote mbili, ngozi inaonekana. Mume wangu hasemi kitu. Mama mkwe anasema. Juzi alinitazama akaniambia, "Mwanangu, mbona kichwa kama cha mtu aliyetoka eda?" Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia chumbani.

Nikaamua ninyooshe. Saluni ya kwanza ni ya hapa mtaani kwetu. Yule dada alishika nywele, akazivuta, akasema niweke dawa tu, 35,000 pamoja na kuosha na kukaa kwenye draya. Kwa maelezo yake nywele zinatoka kwa sababu ni ngumu, zikilainishwa zitaacha.

Ya pili iko mjini, ina viti vya ngozi na kiyoyozi. Hao wanataka keratini, 180,000. Wamesema haina kemikali, ni protini tupu, chakula cha nywele, inakaa miezi minne na hata nikiingia baharini Tanga hazirudi. Wamenikaribisha niende na mtoto, wana msichana wa kumbeba.

Ya tatu ni chumba kimoja tu, dada anafanya kazi peke yake. Yeye anasema silki presi, 30,000, yaani kuosha, kukausha na kupiga pasi vizuri. Lakini mwenyewe kaniambia, "Sikudanganyi dada, kwa joto la Tanga sijui kama utafika nazo Jumamosi jioni."

Halafu kuna binamu yangu aliye Maskati. Anasema hao wote wananipotezea muda, nitafute ya Kijapani kama yeye. Zake zimelala tangu mwaka jana, akioga zinakauka hivyo hivyo zimenyooka.

Nilisahau: kabla sijashika mimba niliweka kalikiti, ile dawa ya kuzungushia rola, mara moja, ni kama miezi kumi na sita sasa. Nimeshapunguza ncha, sidhani kama imebaki. Huko saluni sikuitaja kwa sababu hawakuniuliza.

Mama, nichague ipi? Na ni kweli hiyo keratini haina kemikali?

Ni mimi,
Kitana Kimejaa, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilianza kulinganisha bei kama ulivyotaka. Mara ya pili nikasimama kwenye ile sentensi ya mwisho uliyosema umeisahau. Tuanzie hapo, kwa sababu hiyo kalikiti usiyoitaja inaamua mambo mengi kuliko hizo bei.

Nilipokuwa na saluni yangu Magomeni, alikuja mteja mmoja mwenye nywele nyingi nzuri. Nikamuuliza, umewahi kuweka kitu? Akajibu hapana, nachurali. Nikapaka vaselini pembeni, nikapaka dawa, nikaanza kulainisha kwa mgongo wa kitana. Hazijafika dakika kumi nikahisi ncha zinateleza vidoleni kama tambi zilizopitiliza kuiva. Nilimkimbiza kwenye sinki, maji yalipopita nikabaki na mafungu ya nywele mkononi. Alikuwa na kalikiti ya miezi kumi. Sikuwa na la kumlaumu, kwa sababu kwake yeye dawa ni ile ya kunyoosha, kalikiti ni mtindo tu. Mzembe nilikuwa mimi. Tangu siku ile nikawa nauliza hivi: lini mara ya mwisho nywele zako zilibadilika umbo, na kilichozibadilisha ni nini? Na hata nikijibiwa, nilikuwa nakata vinywele vichache kwa nyuma, navipaka dawa kwenye kibakuli, nasubiri nione.

Nikueleze kwa nini. Nywele ni protini, na protini hiyo ndiyo yenye jina la keratini. Ndani ya kila unywele nyuzi zake zimefungwa kwa vifungo vya aina mbili. Kuna vifungo dhaifu, hivyo vinaachia vikikutana na maji na vinashika tena vikikauka. Na kuna vifungo vikali vya salfa, ambavyo ndivyo vinavyoufanya unywele wako ujikunje na wa binamu yako utiririke. Kila utakachofanyiwa saluni kinagusa kimojawapo kati ya hivyo viwili, haijalishi jina lililoandikwa kwenye bango la mlangoni.

Pasi inagusa vifungo dhaifu tu. Ndiyo maana jasho linaiharibu. Dawa ya kunyoosha inavunja vile vya salfa, inaondoa salfa moja kati ya mbili, na kifungo hakirudi tena maisha yake yote. Kalikiti nayo inavifungua vya salfa lakini kwa kemikali ya ukoo mwingine kabisa, thioglaikoleti, kisha ile dawa ya pili ya kugandisha inavifunga upya kwenye umbo la rola. Koo hizi mbili haziingii nyumba moja. Unywele uliokwishapita kwenye thioglaikoleti ukikutana na dawa ya kunyoosha, hakuna kinachobaki cha kuushika.

Sasa leo usiku mtoto akilala, chukua rula. Nywele za asili yetu hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, wengine zaidi kidogo. Miezi kumi na sita ni sentimita kumi na sita, tuseme kumi na nane. Lowesha fungu dogo, livute, lipime kutoka kwenye ngozi. Wewe umesema zinafika mabegani, na kutoka utosini hadi begani si chini ya sentimita ishirini na tano. Kwa hiyo kalikiti bado unayo mwanangu, tena si kidogo. Utaiona kwa macho: nywele zikiwa mbichi, juu zitajikunja kama chemchemi ya kalamu, halafu zikifika mahali fulani zitalegea na kuwa mawimbi. Pale zinapolegea ndipo mpaka.

Hapo umeshapata jibu la saluni ya kwanza. Dawa isiguse kichwa hicho mpaka ncha zote za kalikiti zikatwe.

Na yule dada amekosea jambo la pili, ambalo mimi linaniuma zaidi kwa sababu limekufanya uchukie nywele ambazo hazina kosa. Nywele zako hazitoki kwa ugumu. Unapokuwa na mimba, homoni huzizuia nywele zisidondoke kwa utaratibu wake wa kawaida, ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa nywele. Ukishajifungua, zile zilizokuwa zimechelewa huondoka kwa pamoja, na huanza kuonekana karibu na mwezi wa tatu au wa nne. Yako imeanza mwezi wa tatu. Huonekana zaidi hapo hapo pembeni mwa paji la uso ulipopataja. Wengi huwa wamerudi katika hali yao mtoto anapofikisha mwaka. Ukitazama vizuri kwenye mwanga wa dirisha utaona vinywele vifupi vimeanza kusimama pale pembeni kama nyasi baada ya mvua. Ukiona viraka vya mduara visivyo na kitu, au unachoka kupita kiasi na moyo unaenda mbio, hilo lipeleke hospitali wakakupime damu. Vinginevyo ni kusubiri, na kuweka dawa kali juu ya ngozi inayojipanga upya ni kuionea.

Mama mkwe wako mwambie kwa adabu zote kwamba nywele zako ziko kwenye likizo ya uzazi.

Haya, keratini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo unapotaka kupeleka hela nyingi na ndipo ulipodanganywa zaidi.

"Haina kemikali" ni maneno ya kuuzia. Hata maji ni kemikali. La kujiuliza ni kitu gani kinachonyoosha. Protini inayopakwa juu ya unywele haiwezi peke yake kuulaza kwa miezi minne, ingekuwa hivyo tungepaka mayai tukamaliza. Katika dawa nyingi za namna hii, kinachofanya kazi ni fomaldehaidi, ile ambayo ikichanganywa na maji tunaiita fomalini, ya kuhifadhia maiti. Inapakwa, inakaushwa, halafu pasi ya nyuzi joto karibu 230 inapita juu yake mara nyingi, na joto hilo ndilo linaloifanya ishike na kuufunga unywele ukiwa umenyooka. Joto hilo hilo linaipandisha hewani. Ule moshi unaofanya macho yakutoke machozi na msusi ageuze uso pembeni si mvuke wa maji.

Mwaka 2010 kule Oregon, Marekani, wasusi wa mji wa Portland walilalamika macho kuwasha, pua kutoka damu na kifua kubana. Idara ya usalama kazini ya jimbo ikachukua sampuli za dawa moja iliyoandikwa kabisa kwamba haina fomaldehaidi. Ikakuta wastani wa zaidi ya asilimia 8. Na fomaldehaidi si ya kubishania: tangu 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Anayebeba mzigo mkubwa ni msusi, anayevuta moshi huo kila siku, kuliko wewe wa mara moja. Lakini mtoto wa miezi mitano aliyebebwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa, mapafu yake ni ya kuoneana huruma. Kama ulikuwa unafikiria kwenda naye, futa.

Wenye saluni wajanja watakwambia yao ni ya kizazi kipya, wametoa fomaldehaidi wakaweka asidi ya glaioksili. Mwaka 2024 madaktari waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu mwanamke wa miaka 26, mzima wa afya, ambaye figo zake zilipata hitilafu ya ghafla mara tatu katika miaka tofauti, na kila mara ilikuwa baada ya kunyooshwa nywele saluni kwa krimu yenye asidi hiyo. Kila mara alihisi kichwa kinamuunguza wakati akipakwa. Wengi wanaoipaka hawapati hayo. Lakini neno "salama" lisikutoke kinywani kwa wepesi.

Ukitaka kuwapima, waombe kopo lenyewe, si karatasi ya matangazo. Soma kwa Kiingereza nyuma: ukikuta formaldehyde, formalin, methylene glycol au glyoxylic acid, umeshajua. Ukiambiwa kopo liko stoo, au unapimiwa kutoka kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, nyanyuka. Na hiyo ya kuoga baharini imenichekesha. Chumvi ya bahari ni moja ya vitu ambavyo wauzaji wa keratini wenyewe hukataza.

Binamu yako wa Maskati hajakudanganya, kasahau tu kwamba kichwa chake si chako. Ya Kijapani inatumia ile ile thioglaikoleti ya kalikiti, ila badala ya kuzungusha kwenye rola wananyoosha kwa pasi kisha wanagandisha. Ilitengenezwa kwa nywele za mawimbi au mikunjo mikubwa, na kama watu wetu wengi wa huko ana mchanganyiko wa Kiarabu, itamkaa. Kwa kipilipili cha kukwama kitana, ambacho ncha zake zilishakula thioglaikoleti mara moja, ni saa tano kwenye kiti na hatari ya kuamka na nusu ya nywele kwenye mto. Hiyo iache Maskati.

Imebaki ya tatu. Nampenda huyo dada wa chumba kimoja. Ndiye pekee aliyekutajia kasoro ya bidhaa yake mwenyewe.

Ila na pasi ina adabu zake, na nitakutajia ili umwangalie anavyofanya. Nywele zioshwe zitakate kweli, mafuta ya wiki tatu yakibaki yanakaangika. Zipakwe stimingi, zikae. Zikaushwe mpaka ziwe kavu kabisa. Pasi ikitua ukasikia chwaa na mvuke ukapanda, hapo maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka, mwambie asimame. Dawa ya kukinga joto ipakwe kwa fungu dogo dogo, si kumwagiwa utosini. Pasi ya nyuzi 180 inatosha kwa nywele zako, kwenye ncha za kalikiti ipungue zaidi. Fungu jembamba, kitana kikitangulia mbele, pasi ipite mara moja, ikizidi mara mbili. Anayerudia mara sita fungu lake ni nene, si kwamba nywele zako ni mbishi. Na pasi ikizidi joto, zile za pembeni hazitarudi kujikunja hata ukiziosha. Watu husema pasi haina madhara kwa sababu haina dawa. Nimeona vichwa vilivyonyooshwa moja kwa moja na pasi, bila tone la dawa.

Sasa unyevu. Dodoma hewa ni kavu, pasi itakaa wiki nzima, hata mbili kama hutoki jasho. Tanga utashuka kwenye basi tu shingo imelowa. Kwa hiyo usifanyie Dodoma ukasafiri nazo. Fanya jaribio Dodoma wiki tatu kabla, ujue nywele zako zinapokea vipi na ncha zinabaki na urefu gani. Siku hiyo hiyo akate kalikiti yote, mpaka ule mpaka ulioupima na rula. Utabaki na nywele fupi kidogo lakini zenye afya moja kutoka chini hadi juu, na nakuhakikishia zikilala zitaonekana nyingi kuliko sasa.

Tanga pigiwa pasi Ijumaa mchana. Usiku kwenye shughuli ya wanawake ziachie, cheza, ndiyo siku yake. Ukirudi zizungushe kichwani, funga kitambaa cha satini. Jumamosi hazitakuwa zile za Ijumaa, usipigane nazo. Zibane nyuma chini ya shingo, kifundo kimoja. Shingo wazi inapendeza zaidi na nywele zilizobanwa kuliko zilizotandaa na kukunjamana kwenye jasho. Wasibane kwa kuvuta, pembeni hapo ndipo palipopungua, na gundi za kulaza vinywele vya paji la uso zikae mbali na hao wachanga wanaoota. Kifundo kikiwa kidogo, nunua cha kuongezea. Tangu lini nywele za bandia zikawa dhambi kwenye harusi ya Tanga?

Kuhusu hela, kwa kuwa uliuliza. Usiangalie bei ya siku moja. Dawa ya 35,000 inataka kuritachi, yaani kupaka tena kwenye nywele mpya zilizoota, kila baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, ni kama mara tano kwa mwaka: 175,000. Keratini ya 180,000 kila miezi minne ni 540,000, bado shampuu yake maalumu. Pasi mbili, ya jaribio na ya harusi, ni 60,000 na baada ya hapo hudaiwi na kichwa chako.

Na kama mwakani, mtoto akishatembea, utataka kurudi kwenye dawa, rudi. Simo kwenye kundi la wanaowasimanga wenye dawa, nimeipaka kwa watu miaka ishirini na kichwani mwangu pia. Jua tu unachochagua. Dawa hizi ni kali kama sabuni ya kuzibulia mabomba, zile za kopo moja huwa na sodiamu haidroksaidi. Zile za boksi za kuchanganya pakiti mbili, zinazoandikwa kwamba hazina magadi makali, nazo zinaunguza. Zaidi ya hapo zinaacha chokaa kwenye nywele zikawa kavu. Usikune kichwa wala kusuka siku chache kabla, na waguse ukuaji mpya tu, zile za chini zilizokwisha kunyooka zipakwe mafuta zisiguswe. Na ule msemo wa saluni zetu, "vumilia kidogo ishike", ndio uliokuachia kovu nyuma ya sikio. Dawa haishiki kwa kuwasha. Ikianza kuwasha, muda umekwisha, ni maji.

Pia usifanye kuwa kila mwezi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka kumi na moja walitoa matokeo: kwa wasiotumia vinyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, na kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo hauonyeshi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, wala hawakuuliza ni dawa ya kampuni gani. Wengi mno hawapati kitu. Ila mimi ningekuwa na miaka yako 29, ningeritachi mara tatu kwa mwaka, si sita.

Ukienda kununua, angalia alama ya TBS, shirika letu la viwango, na tarehe ya mwisho. Tangu 2019 wao ndio wenye dhamana ya vipodozi Tanzania Bara. Kopo lisilo na alama wala tarehe, hata kama ni la bure, liache dukani.

Piko ya kichwani, kama wifi zako watakushawishi wiki ile ya harusi, ikatae. Mikononi ni sawa ikiwa ni hina halisi, si piko.

Barua hii huenda ikakukuta ukiwa tayari umeketi kwenye kiti cha saluni ya mtaani, taulo mabegani. Kama ni hivyo, mwambie yule dada habari ya kalikiti kabla hajafungua kopo.